Eyes Wide Shut (1999): muvi ya mwisho ya Kubrick ni muvi ya wivu, stori za Illuminati zimefanya watu wasiione

#1 Mtoa mada

Wakuu salama? Leo naomba tuongelee muvi moja tu, Eyes Wide Shut ya marehemu dairekta Stanley Kubrick, maana kila ikitajwa watu wanakimbilia ile sini ya majoho na vinyago (pati ya siri ya ngono ya matajiri kwenye kasri), wanaanza kubishana nani Freemason na nani kauawa, muvi yenyewe inabaki haijaguswa. Msimamo wangu ni huu: ni muvi ya mwanaume aliyeingiwa na wivu juu ya kitu ambacho mke wake hakukifanya. Alikiwaza tu. Na wivu wa namna hiyo ni mbaya kuliko wa fumanizi, kwasababu fumanizi lina mwisho, umeona umeona, utaacha au utasamehe. Wazo utalifumania wapi?

Kwa wasiomjua, Kubrick alizaliwa New York 1928, ila kuanzia miaka ya 60 akahamia Uingereza jumla na hakupenda kupanda ndege. Mpaka anafikia hii muvi alikuwa na miaka 12 hajatoa kitu, ya mwisho ilikuwa Full Metal Jacket ya 1987. Hadithi yenyewe kaitoa kwenye kitabu kifupi cha Arthur Schnitzler, daktari wa Vienna aliyeacha kutibu akawa mwandishi, kinaitwa Traumnovelle, kilitoka 1926. Huyu Schnitzler ndo yule ambaye Freud, yule daktari maarufu wa mambo ya akili, alimwandikia barua 1922 akamkiri kwamba kamkwepa miaka yote kwa kuogopa kukutana na pacha wake, yani mtu anayeona yaleyale anayoyaona yeye ndani ya binadamu. Na Kubrick hakukiokota uzeeni, alikuwa anakizungukia hiki kitabu tangu mwishoni mwa miaka ya 60. Kakaa nacho karibu miaka 30 ndo akakitoa.

Sasa tuje kwenye stori. Daktari Bill Harford (Tom Cruise) na mkewe Alice (Nicole Kidman), wana mtoto wa kike mmoja, Helena, wanaishi New York, pesa ipo, nyumba nzuri. Muvi inaanza wanajiandaa kwenda pati ya Krismasi kwa tajiri mmoja anaitwa Ziegler. Angalieni dakika hizi za mwanzo kwa makini jamani. Neno la kwanza la Bill anatafuta waleti yake, mkewe ndo anajua iko wapi. Alafu Alice yuko bafuni anamuuliza nywele zangu zikoje, jamaa anajibu ziko safi kabisa. Hajamwangalia! Mkewe anamwambia kabisa wala huangalii. Ndoa yote iko hapo. Bill hana ukorofi wowote, ni mume mstaarabu tu ambaye kaacha kumtazama mkewe kwasababu ana uhakika naye.

Huo uhakika ndo unaokuja kumponza. Usiku unaofuata wamekaa chumbani wamevuta bangi, mabishano yanaanza kidogokidogo kuhusu ile pati, kule Alice alikuwa anacheza dansi na mzee mmoja wa Kihungari mwenye maneno matamu na Bill alikuwa kati ya mamodo wawili. Alice anataka kujua kwanini mume wake hamuonei wivu. Bill anajibu kwa kujiamini kabisa kwamba wanawake hawako hivyo, hawawazi kama wanaume, na wewe ni mke wangu najua huwezi kunisaliti. Basi Alice anaanza kucheka. Anacheka mpaka anaanguka chini, hawezi kusimama, na Bill kakaa pale kitandani anakasirika hajui achukue hatua gani. Akimaliza kucheka anakaa sakafuni, anaongea taratibu kama mtu anayechagua kila neno.

Anamkumbusha likizo ya kiangazi kilichopita Cape Cod. Kulikuwa na ofisa mmoja wa jeshi la majini pale hotelini, alimtupia jicho mara moja tu wakati anapita, Alice akashindwa hata kutembea. Mchana huohuo yeye na Bill wakalala pamoja, wakapanga maisha yao na ya Helena, na muda wote huo yule ofisa hakumtoka kichwani. Anasema kama yule mtu angemtaka, hata kwa usiku mmoja, alikuwa tayari kuacha kila kitu, mume, mtoto, maisha yake yote. Na hapohapo anasema siku ile alimpenda Bill kuliko siku nyingine yoyote. Kesho yake jioni ofisa kashaondoka, na Alice akashusha pumzi.

Ndo hivyo tu. Hakuna kilichotokea wakuu. Hawakuongea hata salamu.

Simu inalia, kuna mgonjwa wa Bill kafariki, inabidi aende. Ndani ya teksi anaanza kuona picha, mkewe na yule ofisa, picha za rangi ya majivu kama zimetolewa kwenye mkanda wa zamani. Na hapa Kubrick kafanya kitu ambacho mtu yoyote aliyewahi kuonja wivu atakitambua: hizo picha zinarudi tena na tena kwenye muvi, na kila zikirudi zimeenda mbele kidogo, mara wanabusiana, mara nguo zinatoka, mara wako mwisho kabisa. Kichwa cha Bill ndo dairekta. Anajitengenezea mwenyewe ushahidi ambao haupo, alafu unamuumiza kama upo.

Natulia hapa kwanza, karibuni.

#2

Mkuu umeandika vizuri ila hujajibu swali la msingi. Kubrick kafa ghafla siku chache baada ya kuwaonesha wakubwa wa studio hiyo muvi. Ile sini ya kasri unataka kuniambia ni ya mapambo? Alitoboa siri za wakubwa wakammaliza. Hata inasemekana kuna dakika nyingi zilikatwa.

#3 Mtoa mada

Mkuu karibu. Kubrick kafariki Machi 7, 1999, nyumbani kwake nje ya London, usingizini, moyo. Alikuwa na miaka 70 na ndo kwanza katoka kwenye kazi iliyoingia kitabu cha Guinness kwa kushuti mfululizo muda mrefu kuliko zote, siku 400. Mzee wa miaka 70, siku 400. Ni kweli siku chache kabla alikuwa kaionesha kwa wakubwa wa Warner Bros na Cruise na Kidman, ikatoka Julai 1999. Hizo dakika zilizokatwa hakuna aliyewahi kuzionesha. Kilichobadilishwa kinajulikana, kwa soko la Marekani waliweka watu wa kutengenezwa na kompyuta mbele ya wanaofanya mapenzi kule kasrini ili ipate daraja la kuoneshwa kumbi za kawaida, nchi nyingine zikaiona bila hivyo viraka.

Na kasri sio mapambo hata kidogo. Jiulize Bill kaendaje kule. Hakutumwa na mtu. Kaenda kwasababu kichwani ana picha ya mkewe na mwanaume mwingine na anataka na yeye awe na chake. Usiku ule wote anatafuta wa kuchepuka naye na kila mlango unafungwa usoni. Binti wa yule marehemu anamtamkia mapenzi mbele ya maiti ya baba yake, mchumba wa binti anatokea. Anaingia kwa malaya anayeitwa Domino, makubaliano yashafanyika, Alice anapiga simu, jamaa anashindwa kuendelea lakini analipa hela kamili. Kesho yake anarudi na zawadi anaambiwa na mwenzake Domino kwamba majibu yametoka, ana virusi vya UKIMWI. Kule kasrini anakamatwa kabla hajagusa mtu. Hesabuni vizuri wakuu, muvi nzima inayosifika kwa ngono, mume hajalala na mwanamke yoyote nje na mke hajalala na mwanaume yoyote nje.

Kwenye kitabu neno la siri la kuingilia kule ni Denmark, na Denmark ndo nchi ambako mke alimuona yule ofisa. Yani mume anapita mlangoni kwa kutamka jeraha lake mwenyewe. Kubrick kaweka Fidelio, opera ya Beethoven ya mwanamke anayejivika uanaume aende gerezani kumuokoa mumewe. Ukijua hivyo, halafu ukaona ni mwanamke ndo anayejitoa kumnusuru Bill pale kasrini, utaelewa mzee alikuwa anaongelea ndoa mpaka kwenye nywila ya mlangoni.

#4

Mimi naomba niseme kama mwanamke. Kaka mtoa mada umemuelezea Bill vizuri ila Alice umempita haraka. Yule dada hakusema vile kwa kumkomoa. Alikuwa anaomba aonekane. Umesema mwenyewe mume hata nywele haangalii. Sasa mwanamke ukae ndani, galari ya sanaa uliyokuwa unafanyia kazi ilishafungwa, mume anakwambia wanawake hawana tamaa wanatafuta usalama tu na mtoto, hujisikii kama umeshakuwa kabati? Kile kicheko kilikuwa cha uchungu. Mimi nikiangalia ile sini namuelewa kila neno.

Na kitu kingine, watu wanamlaumu kwanini alisema. Angenyamaza wangesema wanawake wasiri.

#5 Mtoa mada

Dada asante sana, umegusa penyewe. Na nikuongezee kitu: Alice anacheka mara mbili. Mara ya kwanza ndo hiyo. Mara ya pili Bill anarudi alfajiri kutoka kasrini, kaficha kinyago chake, anaingia chumbani anamkuta mkewe amelala anacheka usingizini kwa sauti. Anamuamsha akidhani anaota jinamizi, na Alice akiamka anaanza kulia. Anamsimulia ndoto, walikuwa uchi kwenye mji usio na watu, yule ofisa akatokea, alafu wanaume wengi sana, na yeye alijua Bill anamuona na alikuwa anataka kumcheka usoni. Anasimulia huku kamkumbatia. Kidman pale kafanya kazi kubwa mno, anaomboleza kitu alichokifurahia dakika mbili zilizopita na vyote ni vya kweli.

Sasa fikiria hali ya Bill. Ametoka kwenye pati ya vinyago ambako hakufanya kitu, mkewe katoka kwenye usingizi ambako kafanya kila kitu. Nani kamsaliti nani hapo? Kwenye kitabu cha Schnitzler mambo yako sawa kidogo, mume na yeye anakiri mapema kwamba kwenye likizo hiyohiyo alimtamani binti mmoja ufukweni. Kubrick kaiondoa hiyo kabisa. Kwahiyo Bill wa kwenye muvi hana cha kurudisha, anabaki na jeraha tupu. Nadhani ni uamuzi mkubwa kuliko yote aliyoyafanya yeye na mwenzake Frederic Raphael kwenye skripti.

#6

Naheshimu mawazo yenu ila tuseme ukweli, muvi inachosha. Masaa mawili na dakika 39, watu wanaongea kama wamelishwa dawa ya usingizi, Cruise kila akiambiwa kitu anakirudia. "Umekufa?" "Nimekufa?" "Ndio umekufa." Ndo sinema hiyo? Na hiyo New York yao mtu akiangalia vizuri sio New York.

#7 Mtoa mada

Haha kaka sini ya umekufa haipo ila nimekuelewa, na huo mtindo wa kurudia upo kweli. Kubrick alikuwa anafanya kusudi. Bill ni mtu ambaye maisha yake yote maneno yalikuwa yanatosha, ni daktari, anatoa kitambulisho chake cha udaktari kama polisi anavyotoa beji, anatoa hela. Mwangalieni anavyotoa hela! Dereva teksi anachaniwa noti ya dola 100 katikati, nusu sasa hivi nusu nikirudi. Mwenye duka la mavazi ya kukodi anaongezewa dola 200 juu afungue usiku wa manane. Kila mlango unafunguka kwa kitambulisho au noti isipokuwa kichwa cha mkewe. Sasa mtu wa hivyo akiambiwa kitu asichokielewa ndo anakirudia, maana hajawahi kukutana na kitu ambacho hakina bei.

Kuhusu New York uko sahihi. Mitaa ilijengwa studio za Pinewood, nje ya London, na mingine ni mitaa ya London yenyewe iliyovalishwa. Alituma watu Greenwich Village, mtaa wa New York, wakapige picha na kupima. Kuna sehemu Cruise anatembea juu ya mashine ya mazoezi, mtaa unaoneshwa nyuma yake kwenye pazia. Wengi waliona ni udhaifu, mimi naona imesaidia. Usiku ule Bill hatembei New York, anatembea ndani ya kichwa chake, ndo maana mitaa inafanana, mataa ya Krismasi yako karibu kila chumba anachoingia, mpaka kwa Domino, mpaka kwenye mgahawa. Kitabu kiko Vienna msimu wa kanivali, yeye kapeleka Krismasi, msimu ambao kila familia inajionesha imekamilika.

Na wale wanaodhani hii ilikuwa mada mpya kwake tafuteni The Killing ya 1956, alikuwa hata miaka 30 hajafika. Kuna keshia mmoja mnyonge anaitwa George, ana mke mzuri anayemdharau na ana bwana wa nje. George anaropoka mpango wa wizi kwa mkewe ili tu apate kupendwa kidogo, na kila kitu kinaharibikia hapo. Ila yule mke kachepuka kweli. Tofauti ya Kubrick kijana na Kubrick mzee iko hapo: ujanani wivu ulikuwa na mtu wa kulaumiwa, uzeeni kamuondoa huyo mtu na wivu ukabaki vilevile.

#8

Hii ya mwisho kali sana mkuu. Kwenye hiyohiyo mada naomba niongeze L'Enfer ya Claude Chabrol, Mfaransa, ya 1994, na yeye alikuwa mzee wa kazi tayari. Jamaa anaitwa Paul ana hoteli pembeni ya ziwa, mke mzuri kweli (Emmanuelle Béart), anaanza kumshuku kidogokidogo, mara anamfuata, mara anasikia sauti. Skripti ni ya Henri-Georges Clouzot, alianza kuishuti 1964 akapata shambulio la moyo ikaachwa, Chabrol akaichukua miaka 30 baadae. Mwisho wa muvi badala ya kuandika neno la "mwisho" kaandika "bila mwisho". Mwenyewe unaonaje ukizilinganisha?

#9 Mtoa mada

Mkuu L'Enfer nimeiona, asante kwa kuileta. Naiona ngumu zaidi kuangalia, ila Kubrick ameenda sehemu ngumu zaidi. Paul anaumwa, mtazamaji anajua mapema kwamba huyu kashaharibikiwa, mkewe hana kosa, unabaki kumuonea huruma mke. Bill haumwi. Kaambiwa ukweli na mtu anayempenda. Mimi na wewe tukiambiwa vile na tunaowapenda tutafanyaje? Ndo maana wengi wanapenda kuikimbilia ile pati ya vinyago, maana pale unaangalia maovu ya matajiri, huangalii chumba chako.

Na Ziegler mwenyewe yuko pale kwa kazi hiyo. Aliyemuigiza ni Sydney Pollack, huyu ndo aliyeongoza Out of Africa ya 1985 iliyoshutiwa Kenya, aliletwa baada ya mwigizaji wa kwanza, Harvey Keitel, kuondoka. Ile sini ya meza ya pool yenye kitambaa chekundu, Ziegler anamweleza Bill kwamba vitisho vya kule vilikuwa maigizo ya kumtisha. Anampa maelezo ya kila kitu. Bill anasikiliza maelezo hayo yote, anarudi nyumbani, anakuta kile kinyago chake alichokodi kiko juu ya mto pembeni ya mkewe aliyelala. Pale ndo anaanguka analia kama mtoto. Matajiri wote wale hawakumliza, kinyago kwenye mto wake ndo kimemliza.

#10

Kaka swali langu la mwisho. Baada ya kulia anasema nitakwambia kila kitu. Je alimwambia kila kitu kweli? Maana hatusikii. Na Alice alikiwekaje kile kinyago, alikuwa anajua?

#11 Mtoa mada

Dada, kinyago Kubrick hakusema nani kakiweka, mimi naamini ni Alice, kakikuta akakiweka sehemu ambayo mume lazima aongee. Schnitzler kwenye kitabu anaelekea hukohuko, mke ndo kakilaza pale kwa upole bila kuuliza.

Kama alimwambia kila kitu? Naamini ndiyo. Angalia Kubrick anavyokata. Bill anasema nitakwambia kila kitu, picha inayofuata ni uso wa Alice asubuhi, macho mekundu yamevimba, sigara inaungua mkononi. Hajatuonesha maongezi, katuonesha gharama yake. Uso ule sio wa mtu aliyeambiwa nusu. Alafu wanakumbuka Helena anataka kupelekwa kununua zawadi za Krismasi, na wanakwenda, kwasababu mtoto hawezi kusubiri ndoa ipone.

Pale dukani kati ya midoli Bill anauliza sasa tufanyeje. Alice anasema tushukuru tumevuka haya yote, yawe ya kweli au ya ndoto. Bill anataka kuongeza neno "milele", Alice anamkatalia, anasema hilo neno linamtisha. Mimi napenda sana anavyokataa pale. Milele ndo ule uhakika wa Bill wa mwanzo, ndo uliomfanya asiangalie nywele. Anachompa badala yake ni kitu cha leo, anamwambia kuna jambo muhimu inabidi tulifanye haraka iwezekanavyo, Bill anauliza lipi, na Alice anajibu kwa neno moja la chumbani ambalo siwezi kuliandika hapa, muvi inakata hapohapo.